Buni na Daftari Lake

Kitu kisicho jina hakina mwenyewe. Shamba lisilo mpaka huliwa na jirani, na mzigo usio alama bandarini huchukuliwa na kila mwenye mkono. Kanuni hii, ambayo wafanyabiashara waliijua kabla ya wanazuoni, yaieleza historia ya kahawa kuliko kanuni nyingi nyingine. Tunda la mbuni halina budi kupita mikono mingi kabla ya kuwa kinywaji: mkono wa mchumaji, wa mmenyaji, wa mwoshaji, wa mwanikaji, wa mkoboaji, wa mwonjaji, wa mnunuzi, wa mkaangaji, wa msagaji, na mwisho mkono wa yule asimamaye jikoni mwake akingoja maji yachemke. Katika kila mkono buni yaweza kupoteza nasaba yake, na ikiisha kuipoteza haiipati tena.

Siku hizi wako watu, katika miji ya Ulaya, ya Marekani na ya Japani, na sasa katika Nairobi na Dar es Salaam pia, ambao huweka daftari la kahawa nyumbani mwao. Huandika jina la nchi na la wilaya, jina la chama au la mkulima, kimo cha shamba, aina ya mti, namna buni ilivyooshwa na siku ilipokaangwa. Kisha huandika gramu walizosaga, joto la maji, dakika walizongoja na ladha waliyoikuta. Mwenye kuwatazama kwa mbali huwacheka, akidhani ni wajinga walioshikwa na pumbao la matajiri. Lakini daftari hilo la jikoni ni ukurasa wa mwisho wa kitabu kirefu kilichoanza kuandikwa zamani, na mara nyingi kiliandikwa kwa ugomvi. Swali lililomo ndani yake ni moja: ni nani mwenye haki ya kuijua buni itokako, na ujuzi huo humfaa nani?

Hapo kale daftari halikuhitajiwa, kwa kuwa mpanzi na mnywaji walikuwa mtu mmoja, au walikuwa majirani. Katika nyanda za juu za Uhabeshi, ambako ndiko asili ya mbuni wa arabika, kahawa hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, huchemshwa katika jebena ya udongo, na hunyweka kwa duru tatu ziitwazo abol, tona na baraka. Mgeni huona buni zikiwa mbichi, huona zikigeuka rangi, na hunusa moshi wake kabla ya kupewa kikombe. Hapana lililofichwa. Kwa Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, mbuni wa robusta ulipandwa karne nyingi kabla ya kuja Wazungu, wala matunda yake hayakutiwa maji yakanywewa. Yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu, yakaanikwa, yakawa ya kutafunwa, nayo mgeni alikaribishwa kwayo. Katika Buhaya na Buganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walichukua buni mbili za tunda moja, kila mmoja akatafuna ile iliyopakwa damu ya mwenziwe. Tunda la kahawa aghalabu huwa na buni mbili zilizolala uso kwa uso, na wazee hao waliona katika jambo hilo dogo mfano wa udugu. Buni ile ilikuwa na nasaba kamili: waliokula waliujua mti, waliijua mbegu, na walijuana wao kwa wao.

Kahawa ilipovuka bahari ndipo habari zake zilipoanza kukatika. Katika karne ya 15 masufi wa Yemeni waliinywa ili wapate kukesha katika dhikiri, na kutoka kwao ilifika Makka na Misri. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na wanazuoni wakabishana kwa miaka mingi kama ni halali au haramu. Katika karne hiyo hiyo Abd al-Qadir al-Jaziri alitunga kitabu kizima cha kuitetea. Mabishano yalipokwisha, biashara ilikua. Buni ilipandwa katika ngazi za milima ya Yemeni, ikateremshwa hadi soko la Bayt al-Faqih, kisha ikapakiwa majahazini katika bandari ya Mukha. Mnywaji wa London au wa Paris hakujua mlima wala soko. Alijua bandari tu, na jina la bandari likawa jina la kahawa. Vivyo hivyo Waholanzi walipoipanda kahawa katika kisiwa cha Java, mwisho wa karne ya 17, jina la kisiwa kizima likatosha kuwa anwani ya buni. Kwa muda wa karne mbili na zaidi, ujuzi wa Ulaya juu ya asili ya kahawa uliishia pale meli ilipotia nanga.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa karibu zaidi na chimbuko. Maneno yenyewe, buni na kahawa, yametoka katika Kiarabu, na vyombo vyake vilikuja kwa njia ile ile: mdila wa shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa chungu isiyotiwa sukari, pengine yenye tangawizi, ikanywewa barazani kwa tende au haluwa au kashata, na muuzaji wake akajulikana mtaani kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Katika baraza hizo mnywaji hakuuliza shamba. Aliuliza ni nani aliyeipika. Sifa ilikuwa ya mkono wa mpishi, na mpishi hodari alikuwa na daftari lake kichwani: kadiri ya kukaanga, kadiri ya kutwanga, kadiri ya moto. Huo nao ni ujuzi wa kufuatilia, ijapokuwa haukuandikwa kwa wino.

Mbegu nazo zilisafiri kwa njia ya kustaajabisha. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche kutoka Yemeni wakaipeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Kutoka huko ukatokea ukoo wa mibuni unaoitwa Bourbon hata sasa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walikuja na mbegu za ukoo huo. Zikapandwa Kilema katika Kilimanjaro, na Bura katika Taita mwaka 1893. Ni jambo la ajabu kwamba mti ambao asili yake ni Uhabeshi, jirani wa Kenya kwa upande wa kaskazini, ulifika Taita baada ya kuzunguka Yemeni na kisiwa cha Bahari ya Hindi. Wakulima wa Kenya wakauita mti huo kahawa ya Misheni ya Kifaransa. Jina hilo laonyesha tabia ya majina ya kahawa: humtaja aliyeuleta mti, na aghalabu humsahau aliyeutunza.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu za daftari ni mti wenye jina la SL28. Mwaka 1931 bwana shamba mkuu wa kahawa katika Maabara ya Scott, huko Kabete karibu na Nairobi, alizuru Tanganyika, akaona katika nchi ya Monduli mibuni iliyoelekea kustahimili ukame na maradhi. Mbegu zake zikachukuliwa zikapandwa Kabete, na mwaka 1935 mti mmoja kati ya hiyo ukateuliwa kuwa mama wa wengine. Herufi SL ni kifupi cha Scott Laboratories, na tarakimu 28 ni nambari ya mti katika orodha ya uteuzi. Mti mwingine, uliotoka katika shamba la Loresho hapo hapo Kabete, uliitwa SL34 na ukaandikwa kuwa ni wa Misheni ya Kifaransa. Leo wanywaji wa Tokyo na Oslo hutamka SL28 kama mtu anayemtaja mshairi mashuhuri, ilhali wanataja nambari iliyoandikwa na karani. Tena uchunguzi wa kinasaba uliofanywa katika zama zetu umeonyesha kuwa SL28 ina udugu na ukoo wa Bourbon, lakini SL34 ina udugu na ukoo mwingine, ule wa Typica. Kwa hiyo daftari lililoihifadhi SL34 lilikosea juu ya wazazi wake. Fundisho lake halipungui kwa ajili ya kosa hilo: bila ya orodha, hata kosa lisingaliweza kujulikana.

Lakini daftari halikuwa chombo cha elimu peke yake. Lilikuwa chombo cha utawala pia. Katika Kenya ya kikoloni Waafrika walizuiliwa kupanda kahawa. Walowezi walitoa hoja kadha wa kadha: kwamba maradhi ya mimea yangeenea kutoka katika mashamba yasiyotunzwa, kwamba ubora ungeshuka, na kwamba wizi usingeweza kugunduliwa. Hoja hii ya mwisho yastahili kuangaliwa vizuri. Maadam Mwafrika haruhusiwi kuwa na mbuni, kila buni itakayokutwa nyumbani mwake ni ya wizi. Akiruhusiwa, nani atakayejua buni ya bwana na buni ya mtumishi? Huo ulikuwa ni ufuatiliaji uliogeuzwa kuwa kufuli. Chini ya hoja hizo zote ilikuwako hofu nyingine, kwamba mtu mwenye fedha za kahawa yake hatakwenda kuchuma kahawa ya mwingine. Miaka ya 1933 na 1934 Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kupanda kwa majaribio, na mlango haukufunguliwa hasa mpaka miaka ya 1950, ulipokuja mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Katika Kilimanjaro mambo yalikwenda njia nyingine. Wachaga walikwisha kuwa na mibuni yao katikati ya migomba, na walowezi walipotaka wanyang'anywe haki hiyo, wakulima walijiunga mwaka 1925 katika chama cha wapandaji wa kahawa wa Kilimanjaro. Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wao, na Charles Dundas, mtawala wa wilaya, aliwaunga mkono. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, mahali pa chama hicho pakachukuliwa na muungano wa KNCU, ulioanza kazi mwaka 1933. Mkulima alileta kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, ikiwa bado imo katika ganda lake jembamba. Karani wa chama cha msingi akaipima mzani, akaiandika, akamlipa malipo ya kwanza. Malipo yaliyobaki yalingoja mauzo. Katika utaratibu huo jina la mkulima lilikaa katika daftari la chama, lakini buni yake iliingia ghalani ikachanganyika na buni ya majirani. Alilipwa kwa uzito wake na kwa sifa ya wote. Wako walioona hiyo ni haki, kwa kuwa umoja uliwapa nguvu mbele ya wanunuzi. Na wako walioona ni kuminywa, hasa ilipoamriwa kuwa kahawa yote ipitie KNCU wakati bei zilikuwa chini. Mwaka 1937 fujo zilizuka na maghala ya vyama yakashambuliwa. Ugomvi ule ulikuwa na sababu nyingi, lakini moja yake ilikuwa hii: mtu aliyetia kahawa ghalani hakuweza kuona kwa macho yake ilikokwenda wala ilichouzwa.

Jibu la swali hilo lilitafutwa mnadani. Nairobi tangu miaka ya 1930, na Moshi pia, kahawa iliuzwa kwa sampuli. Buni zikiisha kukobolewa hupitishwa katika chekeche zenye tundu za vipimo mbalimbali. Zile kubwa zisizopita katika tundu ya takriban milimita 7 huitwa AA. Zinazofuata huitwa AB. Na zile za mviringo, ambazo hukua peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa mbili, huitwa PB. Kila fungu la Kenya hupewa nambari yenye kutaja juma la msimu, kiwanda kilichokoboa, na zamu ya fungu hilo katika kuingia kiwandani. Waonjaji hukaanga sampuli kidogo, huzisaga, huzitia maji ya moto katika bakuli, hunusa, huvuta kwa kijiko na kutema, kisha huandika. Kwa nambari ile moja, mnunuzi wa mbali aweza kurudi nyuma mpaka kwenye kiwanda cha kuoshea cha chama fulani katika Nyeri au Kirinyaga. Haifiki kwa mkulima mmoja mmoja, kwa kuwa mtu mwenye mibuni mia au mia mbili huleta ndoo chache za matunda kwa siku, nayo yapata kilo 6 za matunda hutakiwa kutoa kilo 1 ya buni. Hata hivyo, kumjua jirani wa mtu ni bora kuliko kulijua bara lake tu.

Ulimwengu wa wanywaji, kwa bahati mbaya, ulikuwa ukienda upande wa pili. Karne ya 20 ilipenda kahawa iliyo sawa siku zote. Wenye viwanda vikubwa walichanganya buni za nchi nyingi ili ladha isibadilike, na nchi moja ikipandisha bei huiacha wakaichukua nyingine. Mwaka 1938 Nescafé ilitokea, ikawa kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji, na katika kopo la namna hiyo nasaba ya buni huwa imekwisha kabisa. Mapatano ya kahawa ya dunia ya mwaka 1962 yaliweka mgao kwa kila nchi ili kuzuia bei zisianguke. Yalisaidia bei, lakini yalihesabu magunia, hayakuhesabu ladha. Mgao ulipovunjika mwaka 1989 bei zilianguka, na mwanzoni mwa karne ya 21 wakulima wengi waling'oa mibuni au waliiacha ikaota magugu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kahawa isiyo na jina haina wa kuitetea sokoni. Bei yake ni bei ya gunia lolote.

Neno jipya lilikuwa limekwisha kutamkwa. Mwaka 1974 Erna Knutsen, mwanamke aliyeanza kazi yake kama katibu katika kampuni ya kuagiza kahawa mjini San Francisco, na ambaye wanaume wa kazi hiyo hawakutaka aingie katika chumba cha kuonjea, alieleza katika jarida la biashara ya chai na kahawa habari za kahawa za namna ya pekee. Maana yake ilikuwa nyepesi: kila mahali pana udongo wake, kimo chake, mvua yake na baridi yake, navyo huipa buni ladha isiyopatikana kwingine, kwa hiyo buni hiyo isichanganywe, bali iuzwe kwa jina lake. Mwaka 1982 wenye fikira hiyo waliunda chama chao huko Marekani, na kwa muda mrefu kipimo chao kilikuwa alama 100, na kahawa iliyopata 80 na zaidi ndiyo iliyostahili kuitwa ya pekee. Daftari likarudi katika biashara, safari hii kwa sababu ya ladha.

Na ndipo lilipoingia jikoni. Vyombo vilikuwa tayari. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumba wa Dresden katika Ujerumani, alipata hataza ya chujio la karatasi, kwa kuwa alichoshwa na machicha katika kikombe chake. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti wa Italia alitoa birika linalosukuma maji kwa mvuke, na mwaka 1941 Peter Schlumbohm alitoa chupa yenye kiuno chembamba ya kuchujia. Kilichokosekana kilikuwa kipimo. Katika miaka ya 1950 Ernest Lockhart, mwanakemia wa Marekani, alichunguza kwa nini kikombe kimoja hupendeza na kingine hakipendezi. Buni iliyokaangwa huweza kuyeyusha katika maji chini kidogo ya theluthi moja ya uzito wake. Lakini aliona kuwa wanywaji wengi walipendelea pale inapoyeyuka kati ya sehemu 18 na 22 katika 100. Ikipungua hapo kahawa huwa chachu na nyembamba. Ikizidi huwa chungu na hukausha ulimi. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo yalipatikana makadirio yanayofuatwa hata sasa: yapata gramu 55 za kahawa kwa lita 1 ya maji, na joto la kati ya digrii 90 na 96.

Mtu akiyajua hayo, sababu ya kuandika huwa wazi. Ladha ya kikombe hutokana na mambo mengi yanayobadilika pamoja: unga laini hutoa haraka kuliko unga wa chengachenga, maji ya moto sana hutoa zaidi, muda mrefu hutoa zaidi, na buni iliyokaangwa jana ina hewa nyingi ndani yake inayozuia maji, ilhali iliyokaangwa miezi mitatu iliyopita imekwisha kupoteza manukato. Mwenye kubadili mambo matatu kwa pamoja hatajua lililomfaa wala lililomdhuru. Mwenye daftari hubadili jambo moja, huonja, huandika, na kesho hubadili la pili. Kwa hiyo akikuta kahawa mbaya, aweza kuamua kama kosa ni lake au ni la mkaangaji au ni la shamba. Huu ni uadilifu mdogo, lakini ni uadilifu: kutomsingizia mkulima aliye mbali kosa la birika lililo karibu.

Ugomvi wa majina haujakwisha, na Uhabeshi umeonja pande zake zote mbili. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliomba kusajili katika Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yawe alama zake za biashara, ili faida ya sifa hizo isiwe ya wauzaji wa ng'ambo tu. Ombi hilo lilileta mvutano na kampuni ya Starbucks, uliomalizika kwa mapatano mwaka 2007. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ilianzisha soko jipya la bidhaa mjini Addis Ababa, na kahawa iliyopitia humo ikagawanywa kwa wilaya na daraja. Wakulima walipata habari za bei na malipo ya haraka, jambo lililokuwa jema. Lakini kahawa za vijiji vingi zilichanganywa katika fungu moja, na wanunuzi waliotaka kujua kijiji wakakosa njia. Mwaka 2017 sheria zililegezwa, nasaba ya buni ikaruhusiwa tena kuifuata buni sokoni. Hivyo nchi iliyopigania jina lake nje ilijikuta ikipoteza majina ya watu wake ndani, na ikabidi irekebishe.

Tanzania nayo ilipata somo lake. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1984. Na tangu msimu wa 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Mkulima alipata fedha taslimu shambani pake bila kungoja, lakini buni nzuri na buni hafifu zikanunuliwa kwa bei moja na kutiwa katika gunia moja. Asiyelipwa zaidi kwa kuosha vizuri hana sababu ya kuosha vizuri. Vikundi vya wakulima vilivyoinua tena ubora wa kahawa yao ni vile vilivyotenga mafungu, vikayatia alama, na kuyauza kwa jina la mahali.

Wala haifai kudhani kuwa jina peke yake ni riziki. Mfuko unaotaja kijiji, kimo na aina ya mti huweza kuuzwa kwa bei kubwa katika mji wa mbali, na mkulima asijue hata kama jina la kijiji chake limechapwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa iingiayo huko ionyeshwe mahali hasa pa shamba ilipolimwa, ili ijulikane kuwa haikutoka katika msitu uliokatwa karibuni. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wakulima wadogo wana hofu kwamba asiyekuwa na wa kumpimia shamba atafungiwa soko. Hapo daftari laweza kurudia kazi yake ya zamani, kuwa kufuli mkononi mwa mwenye nguvu. Daftari ni kama mzani: haki yake hutegemea mkono unaoushika, na kama pande zote mbili huruhusiwa kuusoma.

Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa kitabu hiki kirefu. Katika vijiji vingi vya Kilimanjaro na vya Nyeri wakulima hunywa chai, na kahawa yao huitazama kama watu wanaolinda mali ya mwingine. Waonjaji wamekuwa watu wa mjini, na alama zao zimefika kijijini kama hukumu isiyo na maelezo. Mkulima akiambiwa kuwa kahawa yake ina ladha ya matunda au ya udongo, atajuaje ikiwa hajapata kuionja? Kwa hiyo dalili ndogo zastahili kuthaminiwa: mkahawa wa KNCU uliomo mjini Moshi, ambako kahawa ya wanachama hukaangwa na kunywewa chini ya mlima ilikootea, na vyama vilivyojifunza kuonja kahawa yao wenyewe kabla ya mnunuzi kuionja. Mkulima aliyeonja buni ya juma hili na ya juma lililopita, akajua kwa ulimi wake tofauti iliyoletwa na saa chache za kuchelewa kumenya, ana daftari lisiloweza kunyang'anywa.

Basi yule mtu wa mbali anayepima gramu na kuandika joto la maji asichekwe upesi. Anafanya jikoni kwake aliyoyafanya karani wa Kabete kwa mti wa 28, na karani wa chama cha msingi kwa mzani wake: anakataa buni iwe kitu kisicho na jina. Lakini daftari lake litakuwa nusu tu maadam halina mwenziwe upande wa shambani. Tunda la kahawa huzaa buni mbili zilizolala uso kwa uso, na Wahaya waliwapa ndugu wawili wa kuchanjiana kila mmoja yake. Siku ambayo mpanzi na mnywaji watakuwa wameandika juu ya fungu moja, na kila mmoja ameweza kusoma alichoandika mwenziwe pamoja na bei iliyolipwa, ndipo itakapokuwa kweli kwamba kahawa hiyo inajulikana itokako.